Likizo Mjini Goma: Ziwa, Mlima na Mpaka

Shule zinapokaribia kufungwa, wanafunzi huulizana swali lile lile: "Likizo hii utakwenda wapi?" Wachache wenye wazazi wa nafasi hutaja Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Mmoja au wawili hutaja Ubelgiji, waliko jamaa zao. Walio wengi hunyamaza, kwa kuwa nauli haipo na baba ameshasema kwamba fedha iliyobaki ni ya karo.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya hao walionyamaza, pamoja na wazazi wao. Watu wasafirio mbali wakati wa mapumziko hutafuta mambo matatu: ufuko wa maji wapate kuoga na kupunga upepo, mji wenye historia wapate kujifunza, na maajabu ya nchi wapate kustaajabu. Yote matatu yapo Goma. Hata kuvuka mpaka na kuingia nchi ya kigeni ni jambo la mwendo wa miguu, wala halihitaji ndege. Tena nitaonyesha kwamba kwa mtoto wa Goma matembezi hayo si anasa. Katika nchi hii zimekuwako siku ambazo kujua njia, kujua mabonde na kujua upande unaovuma upepo kulikuwa jambo la uhai na kifo.

MAHALI PENYEWE

Goma ni makao makuu ya mkoa wa Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 1988, wakati mkoa wa zamani wa Kivu ulipogawanywa sehemu tatu. Mji umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo, ingawa ikweta i karibu, jioni mtu hutafuta sweta. Upande wa mashariki, pasipo mto wala kilima cha kutenga, umeungana na mji wa Gisenyi ulio katika Rwanda. Upande wa magharibi barabara inakwenda Sake na kupanda vilima vya Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini. Kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, na usiku mawingu yaliyo juu yake mara nyingi huonekana mekundu kama paa la jiko.

Mgeni akitembea siku ya kwanza atashangaa kuona kwamba mji mzima ni mweusi. Kuta za nyua ni mawe meusi, vichochoro ni mawe meusi, na vumbi lenyewe ni jeusi. Atashangaa pia kwamba katika mji upatao mvua nyingi hivi hamna kijito hata kimoja. Mvua ikinyesha, maji huzama mara moja kati ya mawe, kwa hiyo watu wengi huteremka ziwani na madumu yao kuteka maji. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni ule mlima. Lakini kwanza twende ziwani, maana ndiko watoto wanakotaka kwenda.

UFUKO WA ZIWA KIVU

Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba 2,700 hivi, na mahali penye kina kirefu huzidi mita 480. Halina mamba wala viboko, jambo linalowafurahisha wageni waliotoka katika maziwa mengine ya Afrika. Maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi na kwenda kuingia Ziwa Tanganyika. Upande wa Goma sehemu kubwa ya ufuko ni miamba, na mahali pengi pamezungushiwa nyua za nyumba na hoteli. Hata hivyo zipo nafasi ambapo watu wote hushuka kuoga, kufua na kutazama mashua.

Mtoto apelekwe kwanza Kituku, kwenye soko lililo ukingoni mwa maji. Hapo huona mashua zikitoka Minova na kisiwa cha Idjwi zikiwa zimejaa mihogo, ndizi, mananasi na makaa. Ataona pia sambaza, samaki wadogo wang'aao kama vipande vya bati. Wakaaji wa leo hudhani samaki hao walikuwako tangu kuumbwa kwa ziwa, lakini sivyo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana vizuri, na sasa ni kitoweo cha maelfu ya nyumba. Wavuvi huwatafuta usiku kwa taa. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi, nao hupiga makasia huku wakiimba. Mtu akikaa ufukoni jioni huwasikia wakiondoka, na baadaye taa zao huonekana mbali kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Palipo na mashua pana hatari pia. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na Kituku. Watu waliokuwa ufukoni waliiona kwa macho yao ikizama, na makumi ya abiria wakafa maji. Basi, mzazi akitaka kuwapeleka wanawe Idjwi, au Bukavu, mji mzuri uliojengwa juu ya rasi tano kama vidole vya mkono na zamani ukiitwa Costermansville, na achague chombo chenye makoti ya kuogelea. Akiona abiria wamesimama kwa kukosa nafasi, na ashuke angojee kingine. Kuchelewa siku moja si hasara.

Zaidi ya hayo liko jambo ambalo kila mtu wa Goma anapaswa kulijua. Chini kabisa ya ziwa hili imelala hewa nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji: kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni, na 60 hivi za methani, ile iwakayo moto. Uzito wa maji ya juu ndio unaoishikilia huko chini, kama kifuniko kinavyoshika mvuke wa chungu. Katika Kamerun, ziwa dogo la Nyos lilitoa hewa yake ghafula usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu zaidi ya 1,700 wakafa usingizini pamoja na mifugo yao. Ndiyo sababu wataalamu hulitazama Ziwa Kivu kwa uangalifu sana. Lakini hewa hiyo hiyo yaweza kuwa faida. Karibu na Karongi, upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016 methani huvutwa kutoka vilindini na kutumiwa kuzalisha umeme.

Hatari iliyo karibu zaidi na mtoto ni ile iitwayo mazuku. Katika mabonde na mashimo ya upande wa magharibi wa mji, huko Himbi, Kyeshero, Bulengo na kuelekea Mugunga, hewa ya kaboni hutoka katika nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala bondeni kama maji yasiyoonekana, hasa alfajiri na siku zisizo na upepo. Mtu mzima akipita amesimama huenda asidhurike, lakini mbuzi aliyeinama kula majani huanguka, na mtoto anayemfuata huanguka naye. Wazee huwafundisha watoto alama zake: majani yaliyokauka mahali pamoja tu, ndege na panya waliokufa, joto lisilo la kawaida miguuni. Mtoto na aambiwe wazi kwamba akimwona mwenzake ameanguka shimoni asishuke kumwinua, bali apige kelele kuwaita wakubwa. Wengi wamekufa kwa kumfuata aliyetangulia.

Ukiyajua hayo, waweza kwenda kwa amani kuliona Ziwa la Kijani, ambalo wengi huliita Lac Vert. Ni ziwa dogo karibu na Mugunga, lililojaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, na maji yake kweli yana rangi ya majani mabichi. Ng'ambo ya ghuba kiko kisiwa cha Tchegera, kilichopindika kama kiatu cha farasi, kwa sababu nacho ni ukingo wa volkano iliyozama. Mchanga wake ni mweusi. Miaka ambayo hifadhi ya Virunga ilikuwa ikipokea watalii, wageni walilala huko katika mahema, na usiku waliona wekundu wa Nyiragongo ukimulika majini.

MLIMA NYIRAGONGO

Mwaka 1894 Mjerumani aitwaye von Götzen alifika pwani ya Ziwa Kivu akaupanda Nyiragongo, na vitabu vya Ulaya vikaandika kwamba ameugundua. Watu waliokuwa wakilima chini ya mlima walikuwa wameshaupa jina na habari zake muda mrefu kabla hajazaliwa. Mwaka 1948 mtaalamu Haroun Tazieff alichungulia ndani ya mdomo wake akaona ziwa la mawe yaliyoyeyuka, likichemka mchana na usiku. Maziwa ya namna hiyo ni machache mno duniani.

Safari ya kuupanda huanzia Kibati, kaskazini ya mji, na kwa kawaida huchukua saa nne hadi sita. Kwanza mtu hupita msituni, halafu juu ya mawe makali ya lava yaliyomwagika miaka iliyopita, mwisho kwenye mteremko mkali ambapo pumzi hukatika na baridi huuma. Akifika ukingoni, mbele yake ni shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja. Waliowahi kulala huko juu husimulia mngurumo unaofanana na bahari, na harufu ya kiberiti. Safari hiyo imefungwa mara nyingi kwa sababu ya vita au ya mlima wenyewe. Kwa hiyo asiondoke mtu kabla ya kupata habari kwa wenye mamlaka.

Lakini Goma haihitaji kuupanda mlima ili kuujua, maana mlima wenyewe umeteremka mara tatu. Mara ya kwanza ni tarehe 10 Januari 1977. Ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lile la moto likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Lava ilikuwa nyepesi kama uji, ikashuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda kwa mbio, nayo ikaangamiza vijiji vya mteremkoni.

Mara ya pili ni tarehe 17 Januari 2002. Nyufa zilifunguka kutoka mlimani hadi karibu na mji, na mto wa lava ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateketeza maduka na nyumba, ukaingia ziwani huku maji yakitokota. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pia. Watu zaidi ya laki tatu walikimbia, na wapatao 120,000 wakakuta hawana nyumba.

Mara ya tatu ni jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Anga liligeuka jekundu, na watu wakatoka na magodoro vichwani. Lava ilisimama kaskazini mwa mji, huko Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza vijiji na kukata barabara ya Rutshuru. Ardhi ikaendelea kutetemeka. Tarehe 27 Mei, kwa kuhofia nyufa chini ya mji na ziwa, serikali iliamuru mitaa kumi ihame. Maelfu kwa maelfu wakaondoka, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa maji, wengine Rwanda. Katika msongamano ule watoto wengi walitengana na wazazi wao, ikabidi mashirika kupita kambini yakiita majina.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapoona faida ya matembezi ya likizo. Mtoto aliyewahi kwenda Sake kwa miguu akitazama vilima anajua kwamba barabara ile inaelekea magharibi, mbali na mkondo wa lava. Mtoto aliyewahi kuonyeshwa mpaka na baba yake hatachanganyikiwa usiku wa kelele. Mtoto aliyewekewa mahali pa kukutana, kwa mfano mlango wa parokia fulani au nyumba ya shangazi, anajua pa kwenda akipotezana na wenzake. Masomo hayo darasani husahaulika upesi, lakini mtu akiyatembea kwa miguu yake hayamtoki. Tangu mwaka 1986 mji una kituo cha wataalamu kinachopima mitetemeko na hewa za mlima, na hali hutangazwa kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Kila mtoto wa Goma azijue rangi hizo kabla hajajifunza rangi za bendera za nchi za mbali.

MJI UNAOKAA JUU YA HISTORIA YAKE

Watu wa dunia nzima hulipa fedha nyingi kwenda Italia kuiona Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79. Hutembea katika njia zilizofukuliwa, wakatazama vyungu na sanamu, kisha hurudi hotelini. Hakuna akaaye humo. Goma ni Pompeii ambayo wenyeji wake hawakukubali kuondoka.

Mwaka 2002 lava ilikuwa bado ya moto walipoanza kurudi. Mahali pengi tabaka la mawe lilikuwa na unene wa mita mbili. Nyumba za chini zilikuwa zimejaa mawe hadi dirishani. Wenye nyumba za ghorofa wakaingia kwa ghorofa ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa sawa na ardhi. Waliopoteza kila kitu walichukua nyundo wakapasua lava hiyo hiyo, wakajenga kuta juu ya mahali walipokuwa wakikaa. Kwa hiyo mgeni anayeuliza, "Majengo ya kale yako wapi?" ajibiwe, "Umesimama juu yake." Mwalimu akitembea na wanafunzi wake katika mitaa ya katikati ya mji, awaambie wahesabu ngazi za kushuka kuingia katika baadhi ya nyumba. Ngazi hizo zawaonyesha barabara ilipanda kiasi gani.

Sanamu ya mji huu si ya mfalme wala jemadari. Katika mzunguko mmoja mkubwa wa barabara imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, lenye usukani kama wa baiskeli, na gurudumu huvikwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Fundi hulichonga kwa shoka na panga. Linaweza kubeba mizigo ya mamia ya kilo: viazi na kabeji kutoka Kibumba, makaa, saruji, maji. Kwenye mteremko mwenye chukudu hupanda juu ya mzigo wake na kushuka kwa kasi ya kutisha, akifunga breki kwa mguu. Kwenye mlima husukuma, jasho likimtoka. Lava ilipokata barabara na magari yakashindwa, chukudu zilipita. Vijana wengi wamesoma, na nyumba nyingi zimejengwa, kwa fedha ya chombo hicho.

NG'AMBO YA MPAKA

Sasa tuje kwenye safari ya nchi ya kigeni. Kati ya Goma na Gisenyi iko milango miwili, Grande Barrière iliyo karibu na ziwa, na Petite Barrière iliyo karibu na mtaa wa Birere. Hii ya pili, kabla ya ugonjwa wa korona kuifunga mwaka 2020, ilikuwa ikivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku. Wengi wao ni akina mama wenye mizigo kichwani: nyanya, maziwa, nyama, vitenge. Mpaka wenyewe si wa zamani sana. Ulikubaliwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza mwaka 1910, mezani, mbali na hapa. Katika vita vikuu vya kwanza Wajerumani walikuwa Gisenyi na majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalikuwa Goma, yakatazamana hadi mwaka 1916, majeshi hayo yalipovuka. Hata leo Kiswahili chatosha kununulia ndizi pande zote mbili.

Mgeni akishavuka hukuta ufuko wa mchanga ambao Goma haina, barabara yenye miti ya kivuli kando ya maji, na nyumba za zamani za walowezi. Watoto hucheza mpira mchangani, familia hukaa na vikapu vyao. Kusini kidogo, huko Nyamyumba, ziko chemchemi za maji ya moto ambamo watu huloweka miguu yenye maumivu. Kutoka Gisenyi njia ya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli hufuata ziwa kwa kilomita 227 hadi Rusizi. Kwa mtoto wa Goma, kutazama mji wake kutoka ng'ambo ni somo kubwa, maana hapo tu ndipo huona jinsi mlima ulivyosimama juu yake.

Mpakani hapo mkumbukeni pia kijana mmoja wa Goma. Floribert Bwana Chui Bin Kositi, aliyezaliwa mwaka 1981, kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa rushwa ili apitishe vyakula vilivyoharibika, akakataa. Mwaka 2007 alitekwa akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Mtoto akiona magunia yakivushwa, na aelezwe kwamba kuna mtu aliyekufa ili watoto asiowajua wasile sumu.

Najua watakuwako wazazi watakaouliza: "Wewe mwalimu, watupelekaje watoto matembezini ng'ambo, wakati damu imemwagika kiasi hiki kati ya nchi hizi?" Swali hili ni la haki, nami sitalipita kwa haraka. Goma iliingiwa na waasi wa M23 Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025. Mara hii ya pili watu wengi sana walikufa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi zilizozunguka mji zikavunjwa. Katika nyumba nyingi kilio bado hakijakwisha, na hakuna mwandishi awezaye kumwamuru mwenye msiba asahau.

Lakini mlango ule una habari nyingine pia. Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu yao juu ya mawe yale ambayo hata kaburi halichimbiki. Watu wa Goma waliwapa maji. Januari 2002 na Mei 2021 zamu iligeuka: watu wa Goma ndio waliokimbia kuelekea Gisenyi usiku, na wakapokelewa huko, wakalala katika nyua, shule na makanisa. Wakubwa wa dunia hufunga na kufungua mipaka. Mama aliyekupa blanketi usiku wa lava hakuulizwa shauri katika vita vyao. Ni vema mtoto ajue habari zote mbili, ile ya uchungu na ile ya wema, tena aijue kwa kuwaona watu uso kwa uso. Mzazi mwenyewe ndiye atakayepima kama wakati umefika. Asiyeweza leo asilaumiwe, wala anayevuka asiitwe msaliti.

HIFADHI YA VIRUNGA

Sitaacha kutaja ajabu kubwa kuliko yote. Kaskazini ya mji ndipo inapoanza Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Mwaka 1979 iliandikwa katika urithi wa dunia. Ina kilomita za mraba 7,800 hivi: misitu, tambarare, barafu za Ruwenzori, volkano. Humo hukaa sokwe wa milimani, ambao hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba waliobaki duniani kote wamezidi kidogo 1,000. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiilinda hifadhi hii. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa 12, karibu na Rumangabo. Wageni wa Ulaya na Marekani wameandika vitabu juu ya sokwe hao, na mtoto wa Goma anayekua chini ya mlima wao huenda asiwaone maishani. Vita vikitulia, nauli ya kwanza ambayo shule zetu zitapata ingefaa itumike huko.

MASHAURI KWA FAMILIA

Kwa kumaliza, haya ndiyo ninayowashauri wazazi na walimu.

Kwanza, ulizeni hali ya usalama asubuhi ya siku yenyewe, si ya juma lililopita. Masharti ya mpaka, saa za kufunga na karatasi zinazotakiwa hubadilika mara nyingi.

Pili, kila mtoto abebe mfukoni kipande cha karatasi chenye jina lake, la mzazi, la mtaa na namba ya simu. Wadogo wafundishwe kuvitamka vyote bila karatasi.

Tatu, msiogee mahali msipopajua. Ukingo wa Kivu huteremka ghafula, na hatua mbili tu zaweza kumtoa mtoto kwenye magoti hadi kilindini. Wala msipumzike katika mashimo na mabonde makavu ya upande wa magharibi, kwa sababu ya mazuku.

Nne, mkifika mahali, simulieni. Mwelezeni mtoto mwaka wa 1977, wa 2002 na wa 2021, na mahali bibi yake alipokimbilia. Bibi akiwapo, msimulizi awe yeye.

Tano, kabla ya kurudi nyumbani, patanane juu ya mahali pa kukutana siku mtakapotengana kwa tetemeko, kwa moto au kwa risasi. Mpaoneshe wote, mpaguse kwa mikono, na mrudi huko tena likizo ijayo mhakikishe kwamba hata mdogo kabisa anaweza kuwaongoza.

Safari hiyo yote haimalizi fedha ya karo. Yatosha kiazi cha kuchemsha, samaki wachache wa kukaanga, dumu la maji safi na viatu vinavyostahimili mawe. Nawatakia nyote likizo njema.